Kinyama huharibikia chupani, si barabarani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa moyoni kwa miaka mingi: namna kinyama, yaani kipande kidogo cha mwili kinachokatwa kwa mgonjwa ili kipimwe maabara, kinavyoharibika kabla ya kupimwa. Kila ninapohudhuria msiba hapa Mikindani, au ninapopanda basi kwenda Lindi, nalisikia likizungumzwa nusu nusu. Watu husema, "Alikatwa kinyama, kikapelekwa Dar es Salaam, majibu hayakurudi." Wengine husema majibu yalirudi, ila yaliandikwa kwamba kinyama hakifai kupimwa. Lawama hutupiwa umbali: barabara, basi, foleni ya maabara kubwa. Mimi nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 31 katika mikoa hii miwili ya Kusini, Mtwara na Lindi, sasa nimestaafu, na nataka kusema wazi kwamba mara nyingi umbali hauna kosa. Kinyama huwa kimeshaharibika kabla hakijatoka getini.

Mwaka 1999, kabla ya Daraja la Mkapa kujengwa pale Rufiji, tulikuwa tukituma vinyama Dar es Salaam kwa basi. Wakati wa masika basi lilikuwa likikwama siku kadhaa, mara likisubiri kivuko cha Ndundu, mara likisubiri tope likauke. Siku moja nilifunga boksi lenye chupa mbili. Ya kwanza ilikuwa na tezi iliyotolewa shingoni mwa mtoto wa miaka sita. Muuguzi wa chumba cha upasuaji, mama mmoja aliyekuwa mkali kwa kila kitu, aliitumbukiza tezi ile kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia vinyama, papo hapo, daktari akiwa bado anashona jeraha, katika chupa pana iliyowahi kuwa ya kahawa, ikaelea kwenye dawa nyingi kiasi cha kuonekana kama imepotea humo. Chupa ya pili ililetwa kwangu na shemeji wa mgonjwa kutoka kituo kingine ambacho sitakitaja. Ilikuwa chupa ya dawa yenye shingo nyembamba, na ndani yake kipande cha titi la mama mmoja wa kijiji cha kando ya Mto Ruvuma. Nilipofungua kizibo nilijua. Harufu ya formalini huchoma pua na kutoa machozi, na ile haikuchoma chochote. Ilinuka kama ndoo ya samaki iliyosahauliwa jikoni. Kinyama kilikuwa kimelala siku mbili ndani ya maji ya dripu, katika joto la mwezi wa tatu. Nilikihamishia kwenye formalini nikijua nimechelewa, nikafunga boksi, nikaliandika anwani, nikalipeleka stendi.

Boksi lile lilichukua siku tisa kufika. Boksi lilikuwa moja, basi moja, tope lile lile. Majibu yaliporudi baada ya wiki kadhaa, la mtoto lilikuwa limeandikwa bila kusitasita: kifua kikuu cha tezi. Alianzishiwa dawa, akapona. La mama wa Ruvuma lilikuwa mistari miwili: seli zimeoza, haiwezekani kutoa jibu, tafadhali leteni kinyama kingine.

Alikuja mwenyewe kuchukua jibu. Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Akaniuliza, "Mwanangu, nyama yangu ilikwenda wapi?" Nikamwambia, "Mama, ilifika, lakini haikusomeka. Itabidi daktari akate tena." Akanitazama kwa muda, akasema, "Mlikuwa mmeshaikata," akajifunga khanga yake vizuri akaondoka. Alirudi msimu wa korosho, titi likiwa limefunguka kidonda, na safari hiyo hapakuwa na haja ya hadubini kujua ni kitu gani. Hakuishi hadi masika yaliyofuata.

Ninaeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo takwimu zisingelionyesha vizuri zaidi. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, watu wengi waliniuliza kama vinyama vya ndugu zao vingeoza njiani. Niliwajibu kwamba kama vimo kwenye formalini ya kweli na ya kutosha, vitasubiri. Visivyo ndani ya formalini vimeoza tayari, hata kama maabara ingekuwa mlango wa pili.

Naomba wasomaji wanivumilie nieleze sababu. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba samaki huanza kuharibika tangu anapotoka majini, na kwamba si nzi wala uchafu wa nje pekee unaomharibu. Ndani ya kila seli ya kiumbe mna vimeng'enya ambavyo, seli ikiwa hai, hufanya kazi kwa mpangilio. Damu ikikatika, hewa ikikosekana, vimeng'enya hivyo huigeukia seli yenyewe na kuanza kuila. Kiini hujikunja, kisha hupauka, kisha hutoweka. Bakteria huja baadaye kumalizia. Katika joto la Mtwara, ambalo mchana hupita nyuzi 30 bila shida, kazi hiyo huenda mbio. Mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayesoma vinyama kwa hadubini, anayetafuta saratani hutegemea zaidi kuangalia viini vya seli: ukubwa wake, umbo lake, weusi wake, na namna vinavyogawanyika. Kiini kikitoweka hana cha kuangalia, hata akiwa bingwa wa namna gani na hadubini yake ikiwa ya bei gani.

Formalini huzuia hayo yote. Kazi yake iligunduliwa mwaka 1893 na daktari Mjerumani, Ferdinand Blum, wa Frankfurt, ambaye hakuwa akitafuta dawa ya kuhifadhi kinyama hata kidogo. Alikuwa akiipima formaldehaidi kama dawa ya kuua vijidudu, akaona ngozi ya vidole vyake imekakamaa kama nyama iliyohifadhiwa. Formaldehaidi huzifunga protini za seli, moja kwa nyingine, zikabaki pale pale zilipokuwa. Vimeng'enya navyo ni protini, kwa hiyo navyo hufungwa, na kuoza kunakoma. Kuanzia hapo kinyama ni kama picha iliyopigwa saa ile ile kilipotiwa dawa: kikitiwa baada ya dakika tano, picha ni ya mgonjwa, kikitiwa baada ya siku mbili, picha ni ya uozo.

Lakini formalini ni ya taratibu. Huingia ndani ya nyama kwa kiasi cha milimita 1 hivi kwa saa, na kadiri inavyokwenda ndani ndivyo inavyozidi kuchelewa. Kwa hiyo titi zima lililoondolewa, likitupwa kwenye ndoo bila kupasuliwa, ngozi yake itahifadhika vizuri kabisa huku uvimbe wenyewe, ulio katikati, ukioza kama tunda zuri la nje lililoliwa na funza ndani. Kiungo kikubwa kinapaswa kuchanjwa kila baada ya sentimita moja, bila kuvitenganisha vipande, na kuwekewa kitambaa cha shashi katikati ili dawa ipite. Daktari aliyekata aonyeshe kwa uzi upande upi ulikuwa wa juu. Na dawa iwe nyingi: angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Nimeona kinyama kilichojaza chupa mpaka kwenye kizibo, na dawa ikiwa imelowanisha juu tu kama siki kwenye kachumbari.

Kuhusu dawa yenyewe nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hata watu wenye nia njema hukosea. Formalini ya dukani ina formaldehaidi ya asilimia 37 hadi 40, nayo haitumiwi hivyo hivyo. Huchanganywa sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, ikaitwa formalini ya asilimia 10. Wengi huishia hapo. Formalini iliyochanganywa na maji matupu hugeuka tindikali kadiri inavyokaa, na tindikali hiyo, ikikutana na damu iliyomo kwenye kinyama, hutengeneza chembechembe za rangi ya kahawia iliyokaribia weusi. Sasa tazameni balaa lake katika mikoa yetu. Vimelea vya malaria navyo huacha chembechembe za rangi hiyo hiyo katika wengu, katika ini na katika kondo la nyuma la mama mjamzito. Msomaji wa slaidi, yaani kioo chenye utando wa kinyama wa kutazamwa kwa hadubini, analetewa kondo kutoka Newala au Nachingwea, sehemu ambazo malaria si mgeni, anaona chembe nyeusi kila mahali, na inambidi akae chini aamue kama mama huyu alikuwa na malaria au kama formalini ilikuwa mbovu. Mzoefu ataangalia chembe zimekaa wapi: za malaria hukaa ndani ya seli zilizozimeza na kando ya vimelea, za formalini humwagika ovyo juu ya damu. Lakini kwa nini tumpe kazi hiyo? Dawa yake ni kuongeza chumvi mbili za fosfeti zinazozuia tindikali. Kwa lita moja ni mililita 100 za formalini ya dukani, mililita 900 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, gramu 4 za sodiamu dihidrojeni fosfeti yenye molekuli moja ya maji, na gramu 6.5 za disodiamu hidrojeni fosfeti kavu. Mizani ndogo, jagi na kijiti cha kukorogea vinatosha, na hakuna hospitali ya wilaya isiyoweza kuifanya kazi hiyo asubuhi moja kwa matumizi ya miezi.

Kinyama kilichohifadhiwa vizuri kinapofika maabara, kuna safari ndefu ambayo mgonjwa haioni, na nadhani akiijua atalielewa neno "subiri" analoambiwa dirishani. Kwanza hukatwa vipande visivyozidi unene wa milimita chache na kufungiwa kwenye vijisanduku vya plastiki vilivyoandikwa namba kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka katika dawa zinazofuata. Kisha hukaushwa maji kwa pombe ya kupanda ngazi, kuanzia asilimia 70 mpaka pombe kamili. Pombe nayo huondolewa kwa zailini. Zailini huondolewa kwa nta ya moto ya parafini. Mwisho wake kinyama kimelowa nta mpaka ndani, na kikipozwa huwa kibonge kigumu kama kipande cha mshumaa. Kibonge hicho hufungwa kwenye mashine ya mikrotomu na kukatwa utando wa unene wa mikroni 3 hadi 5, yaani sehemu tatu hadi tano za elfu ya milimita. Utando huo huelea juu ya maji ya uvuguvugu, mtaalamu akauopoa kwa kioo kama mtu anavyoopoa jani juu ya kisima. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa nilipokuwa masomoni, na nakiri kwamba mpaka leo nikiona nta imenyooka bila mkunjo hata mmoja juu ya maji, moyo hufurahi.

Utando huo hauna rangi. Ukiutazama kwenye hadubini ni kama kutazama kioo kichafu. Hapo ndipo huja rangi mbili ambazo dunia nzima huzitumia kwa kazi hii, hematoksilini na eosini. Hematoksilini hutolewa kwenye moyo wa mti unaotoka Amerika ya Kati na Mexico, na sisi watu wa nchi ya mpingo hatushangai kusikia kwamba thamani ya mti iko moyoni. Haishiki yenyewe kwenye seli. Huhitaji madini ya kuishikisha, na madini yanayotumika zaidi ni shabu, hii hii ambayo wazee wetu wanaijua kwa kusafishia maji. Akina mama wanaochovya ukili kabla ya kusuka mikeka wanajua kwamba rangi isiyoshikishwa huondoka. Kiini cha seli hugeuka buluu ya usiku. Eosini hupaka sehemu nyingine waridi. Na rangi nayo hutegemea saa ile ya kwanza baada ya kinyama kukatwa. Kinyama kilichooza hakishiki buluu, kwa sababu kilichopaswa kuishika hakipo tena. Slaidi nzima huwa waridi iliyofifia.

Je, hadubini huonyesha nini pakiwa hapajaharibika kitu? Mtoto niliyemtaja, tezi yake ilionyesha mafundo ya seli za kinga zilizojikusanya, katikati yake nyama iliyokufa na kulainika, na seli kubwa zenye viini vingi vilivyopangana pembeni kama kiatu cha farasi. Ukiipaka slaidi ya pili rangi ya Ziehl na Neelsen, huenda ukabahatika kuona bakteria wenyewe, vijiti vyekundu vyembamba juu ya uwanja wa buluu. Kipande cha kibofu cha mkojo cha mvuvi au mkulima wa mpunga kinaweza kuonyesha mayai ya kichocho, kila yai na mwiba wake mmoja nchani, na pembeni yake, kwa mtu aliyekaa na ugonjwa miaka mingi, saratani ya kibofu ambayo kichocho hicho ni miongoni mwa visababishi vyake. Uvimbe wa taya la mtoto unaokua kwa wiki chache unaweza kuwa saratani ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 nchini Uganda. Seli zake ni nyeusi, zimebanana, na kati yake zimetawanyika seli nyeupe zinazomeza mabaki, hata wataalamu wakasema inafanana na anga la usiku lenye nyota. Saratani hiyo huua haraka isipotibiwa na husikia dawa vizuri ikiwahiwa, kwa hiyo wiki tatu za kusubiri "kinyama kingine" si jambo dogo kwa mtoto wa namna hiyo.

Kwa saratani ya titi siku hizi haitoshi kuambiwa ni saratani. Daktari anahitaji kujua kama seli zake zina vipokezi vya homoni, yaani sehemu zinazonasa homoni, kwa sababu wenye navyo hutibiwa kwa vidonge vinavyozuia homoni hizo. Kipimo hicho hutumia kingamwili zinazonasa vipokezi kwenye utando ule ule wa nta, nacho kina masharti makali: kinyama kiingie kwenye formalini ndani ya saa moja tangu kukatwa, kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Kikioza, au kikikaa mno, kipimo kinaweza kusema vipokezi havipo wakati vipo, na mama akanyimwa vidonge ambavyo vingemsaidia. Hapo ndipo ninapokubali kwamba umbali una neno lake. Formalini humlinda mgonjwa wa Liwale au Nanyumbu dhidi ya uozo, lakini kwa titi boksi lisilale ofisini likisubiri mengine yajae.

Sipendi mtu aelewe kwamba kila kitu hutiwa formalini. Daktari akishuku kifua kikuu na akitaka bakteria waoteshwe, kipande kimoja kiende kwenye maji safi ya chumvi na kipelekwe haraka, kwa sababu formalini huua kila kitu. Maji ya seli yaliyovutwa kwa sindano nyembamba na kupakwa kwenye kioo yasisafiri katika boksi moja na chupa za formalini, maana mvuke wake huharibu upakaji wa rangi. Na kinyama kisigandishwe kwenye friza: barafu huchana seli.

Sasa kuhusu maandishi. Mwanapatholojia hamwoni mgonjwa, anaiona fomu. Nimepokea fomu zilizoandikwa neno moja, "uvimbe", pasipo kuonyesha uvimbe wa wapi, wa upande gani, wa muda gani, mgonjwa ana umri gani. Seli zile zile zinaweza kuwa na maana moja kwa mtoto na nyingine kwa mzee. Uvimbe wa mfupa usomwe pamoja na picha ya eksirei, la sivyo msomaji anabahatisha. Jina la mgonjwa liandikwe ubavuni mwa chupa, kamwe si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana chupa zikifunguliwa mbili kwa pamoja, na kubadilishana huko maana yake ni mtu mmoja kuondolewa titi lisilo na ugonjwa na mwingine kupelekwa nyumbani na saratani yake. Namba ya simu ya daktari na ya ndugu wa mgonjwa iwepo. Majibu mengi yanayosemwa hayakurudi yalirudi. Yalikosa mtu wa kupigiwa. Na chupa iwe na mdomo mpana. Nyama huingia laini kwenye shingo nyembamba, ikishakakamaa haitoki. Nimewahi kuzungushia chupa kitambaa na kuivunja kwa nyundo ili nitoe kipande cha kizazi, huku nikiomba kioo kisikikate.

Naelewa kwa nini wafanyakazi huikwepa formalini. Huwasha macho na koo, na mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka formaldehaidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hofu yao ni ya haki, na wakubwa wa hospitali wana wajibu wa kuiondoa kwa vitendo: dawa igawanywe mapema kwenye chupa zenye vifuniko vinavyokaza, chupa zisubiri chumba cha upasuaji zikiwa tayari, kazi ya kuchanganya ifanyike penye madirisha wazi na glavu zivaliwe. Muuguzi akikuta chupa imejaa tayari mezani, anachofanya ni kufungua, kutumbukiza, kufunga. Akikuta hakuna, atashika kilicho karibu, na kilicho karibu daima ni dripu au spiriti.

Kwa wagonjwa na ndugu zao nina maneno mawili. Wapo wanaokimbia kukatwa kinyama kwa kuamini kwamba saratani ikiguswa na chuma huchachamaa na kusambaa. Naheshimu chanzo cha imani hiyo, kwa sababu watu wameona kwa macho yao ndugu aliyekatwa leo akazikwa baada ya miezi miwili. Lakini wengi wa ndugu hao walikatwa ugonjwa ukiwa umeshasambaa; kisu kiliukuta, hakikuupeleka. Saratani kusambaa kwa sababu ya kukatwa kinyama ni jambo la nadra sana, na kwa zile aina chache zinazohitaji tahadhari madaktari wanazijua. La pili ni kwamba mna haki ya kuuliza. Kabla ya kutoka hospitalini muulizeni muuguzi kwa adabu: kinyama kimewekwa kwenye dawa gani, kinapelekwa maabara ipi, kwa namba gani, na nirudi lini. Uvimbe ukiondolewa wote, msikubali utupwe kwa kuwa "daktari ameona ni mafuta tu". Macho na vidole vya mpasuaji ni vya kuheshimiwa, ila havioni kiini cha seli.

Tumefurahi kupata Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini hapa Mtwara, na wataalamu bingwa wanazidi kusogea karibu. Hata hivyo saa ile ya kwanza haitahamia mjini. Itabaki Tandahimba, Kilwa, Ruangwa, Masasi, kila penye kisu na meza ya kupasulia. Ndiyo maana ombi langu kwa waganga wakuu wa mikoa ya Mtwara na Lindi, na kwa wafamasia wao wanaoandaa maombi ya vifaa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, ni dogo na lina majina kamili. Katika orodha ya kila hospitali inayofanya upasuaji ziandikwe formalini, chumvi zile mbili za fosfeti nilizozitaja kwa uzito wake, chupa za plastiki zenye mdomo mpana za ukubwa wa aina tatu, na daftari moja la kuandikia kila kinyama kilichotoka, siku kilipotoka na siku jibu liliporudi. Daftari hilo likae chumba cha upasuaji, lisimamiwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na kila Ijumaa alisome kutoka juu mpaka chini, akiona mstari usio na jibu apige simu.

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Mikindani, Mtwara